Unajikinga Dhidi ya Nani?

Ipo nchi moja ambayo hamtaiona kwenye ramani. Si kwamba ni ndogo. Mchora ramani wa kwanza alipoichora, Waziri alimwita akamuuliza, "Umbo letu umelijulia wapi? Ulikuwa unatuchungulia?" Mchora ramani akakusanya kalamu zake akaondoka, na tangu siku hiyo ramani zote zinaonyesha mahali pale kuna ziwa.

Ni nchi yenye wivu. Nasema kwa heshima zote, maana wenyewe wanajivunia. Mpaka na nchi jirani ulifungwa kwa sababu jirani alikuwa anautazama mno mlima wao. Wimbo wa taifa unaimbwa kwa sauti ya chini, wageni wasije wakaupenda. Na kwenye ngao ya taifa kuna mwanamume, mwanamke na simba, ila yule mwanamume amemkazia macho simba. Anataka kujua kwa nini anamtazama mkewe.

Huko mume mwema akisafiri hupiga simu nyumbani mara sita kwa siku. Mume mwema sana hurudi kabla hajafika alikokuwa anakwenda.

Sasa, katika nchi hiyo iliyochungwa namna hiyo, wanawake wakaanza kuugua. Na si mafua. Yalikuwa yale magonjwa ambayo ukiyataja mbele ya wakwe, mtu anakohoa: kisonono, kaswende na ndugu zao. Madaktari wakasema hali ni mbaya. Serikali ikashtuka, ikafanya lile ambalo serikali yoyote iliyoshtuka hufanya: ikaunda tume.

Tume ilikuwa na watu tisa, wanaume watupu, kwa sababu ilihofiwa kwamba wanawake wangependelea upande mmoja. Ilizunguka nchi miezi minane, ikalala kwenye hoteli nzuri, ikarudi na ripoti yenye jalada gumu. Ripoti iligundua kwamba wanawake wote wenye maradhi walipatikana hospitalini, wala hakuna hata mmoja aliyegunduliwa akiwa nyumbani, jambo lililoitia hospitali mashakani. Iligundua pia kwamba waume wao walipoulizwa kama ni wagonjwa, wote walikana, na kwa kuwa mwanamume mtu mzima hawezi kusema uongo mbele ya tume, basi ugonjwa unatoka kwingine. Huko kwingine, tume ikashauri, kutafutwe.

Mimi sisemi kitu. Naripoti tu.

*

Aliyekabidhiwa kutafuta huko kwingine alikuwa Mheshimiwa Mwinyikondo, Waziri wa Afya na Wivu wa Taifa. Zamani zilikuwa wizara mbili, zikaunganishwa ilipoonekana kwamba barua za ile ya kwanza zilikuwa zinafunguliwa na ile ya pili hata hivyo.

Mheshimiwa alistahili cheo chake. Kila asubuhi, kabla mkewe Bi Mgeni hajasoma gazeti, alichukua mkasi akakata nyuso za mawaziri wengine zote. Bi Mgeni akawa anasoma habari za nchi kupitia matundu. Alizoea. Alisema kupitia matundu anaona vizuri zaidi.

Siku ya kuzindua mpango mpya, Mheshimiwa alisimama jukwaani, akafuta jasho, akaanza.

"Ndugu wananchi! Mtu akifungua mwavuli, maana yake ameona mvua!"

"Ameonaaa!" wakaitika.

"Mtu akifunga mlango, maana yake amesikia hodi!"

"Amesikiaaa!"

"Sasa nawauliza, na mnijibu mbele ya bendera. Mwanamke akitaka kondomu, ameona nini? Amesikia hodi ya nani?"

Hapo uwanja ulilipuka. Wanaume walipiga makofi huku wakiwatazama wake zao kwa pembe ya jicho, wajue nao wanampigia nani makofi na kwa nguvu gani.

"Serikali yenu sikivu haimkatazi mwanamke kujikinga," akaendelea Mheshimiwa, akishusha sauti ya huruma. "Hasha! Serikali inataka tu kujua anajikinga dhidi ya nani. Tumpate huyo mtu. Tukimpata, hakutakuwa na haja ya kujikinga!"

Ndipo ikatungwa Fomu ya Maombi ya Kujikinga. Ilikuwa na maswali manane. Sita ya kwanza ni mepesi: jina, kabila la mume, urefu wa mume, na mengine ya namna hiyo. La nane ni kutia sahihi. Lakini la saba, lililochapwa kwa wino mzito, liliuliza: *Unajikinga dhidi ya nani? (Andika jina moja tu, kamili.)*

Makabati ya kondomu katika zahanati zote yakatiwa kufuli la Wizara. Bila fomu yenye muhuri, hakuna kufungua.

*

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani. Alikuwa anashona mapazia, kazi isiyokosa wateja kule. Mumewe, Kitwana, alikuwa mkaguzi wa mizani. Kila mwezi alifunga sanduku lake la mawe ya kupimia, akaenda masoko ya mbali wiki mbili, kuhakikisha kilo ya kule ni kilo kweli. Akirudi, alipima vya nyumbani. Alipima urefu wa salamu ambazo mkewe alimpa muuza maziwa. Alipima kama pazia limesogea.

Asubuhi moja, siku chache baada ya Kitwana kurudi safari, Sikudhani alikwenda zahanati. Muuguzi pale aliitwa Sista Leokadia, mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyoshonwa kwa uzi upande mmoja. Alimpima, akarudi na jibu, akavuta kiti karibu.

"Sikudhani mwanangu. Kisonono. Kilekile cha mara ile."

"Lakini safari hii sikuhisi kitu, sista. Nimekuja tu kwa sababu bwana karudi."

"Na umefanya la maana. Wanawake wengi hawahisi kitu mpaka mambo yameshaharibika ndani. Dawa za mara ile ulimaliza?"

"Zote."

"Basi tatizo si dawa. Mimi nakutibu wewe hapa, ugonjwa umekaa kwako kwenye kiti, umekunja nne, unakusubiri urudi."

Sikudhani akacheka. Kisha kicheko kikamwishia.

"Sista, mimi nataka mtoto."

"Ndiyo maana nakwambia waziwazi. Kila kikijirudia, kinazidi kuiachia makovu mirija ya uzazi. Mirija ikiziba, mtoto atapita wapi? Mara ya pili hii. Ya tatu sitaki kuiona." Akafungua droo, akatoa kadi ya buluu. "Mpe bwana aje atibiwe. Haina jina, haina ugonjwa, ina namba na tarehe tu. Akija nayo anapita moja kwa moja. Ile ya kwanza ulimpa?"

"Nilimpa."

"Akasemaje?"

Sikudhani akaangalia dari. Alichosema Kitwana mara ile kilikuwa hivi.

"Nani kakuambukiza?" aliuliza.

"Wewe."

"Usibadilishe mazungumzo. Nimeuliza nani."

"Kitwana, mimi sina mwingine."

"Unaona! Umemtaja mwingine!"

Kisha akaikunja ile kadi mara nne. Meza yao ya kulia ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na mtu wa mizani hawezi kula kwenye meza iliyoinama. Akaingiza kadi chini ya mguu, akaweka glasi ya maji juu ya meza, akainama, akafumba jicho moja, akayatazama maji, akaridhika. Mambo yakaishia hapo.

"Iko chini ya meza," Sikudhani alimwambia muuguzi.

Sista Leokadia hakuuliza zaidi. Muuguzi wa nchi ile alikuwa ameshasikia mengi.

"Basi walau nipe kinga," akasema Sikudhani. "Ya kiume, ya kike, yoyote."

Sista akanyoosha kidole kwenye kabati na kufuli lake kubwa kama ndizi. "Zimejaa mle. Nasikia panya tu ndio wanaojikinga. Nenda kwa Zefania ukajaze fomu."

*

Zefania alikuwa karani wa Wizara, kijana mstaarabu aliyevaa tai hata kwenye joto. Alimkaribisha Sikudhani kiti, akampa kalamu. Maswali sita yakaenda vizuri. La saba, Sikudhani akasimamisha kalamu.

"Hapa naandika nani, kaka Zefania?"

"Unayejikinga dhidi yake, dada."

"Ni mume wangu."

Zefania akainua mkono haraka kama mtu anayezuia gari. "Usiandike! Hilo ni kosa la kumkashifu mume. Kifungu cha nne."

"Niandike mtu mwingine?"

"Huo utakuwa uzinzi. Kifungu cha tano. Halafu huyo mtu naye atakuja hapa kutaka kujua jina lake umelipata wapi."

"Basi niache wazi."

"Ukiacha wazi fomu haijakamilika. Tena, dada yangu, nikushauri kama ndugu: mwanamke akiacha wazi, Wizara inajiuliza ni wangapi hao mpaka hawakutosha kwenye mstari."

Sikudhani akaweka kalamu mezani. "Tangu fomu hii ianze, kuna mwanamke hata mmoja aliyekubaliwa?"

"Yupo mmoja," akasema Zefania kwa fahari. "Aliandika anajikinga dhidi ya baridi. Tulimpa sweta."

"Na mkeo wewe, wifi yetu, anajikingaje?"

Zefania akazipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Mke wangu hajikingi."

"Kwa nini?"

"Fomu zote ninazo mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe.

Sikudhani akaikunja fomu, akaitia mkobani pamoja na kadi ya buluu. Njiani kurudi alihesabu siku. Dawa anaanza leo. Kitwana yupo nyumbani siku kumi. Akikataa kuguswa ataulizwa nani anayemgusa. Akikubali, mara ya tatu inakuja kwa miguu yake mwenyewe, na mtoto anaondoka kabla hajaja. Hakulia. Alinunua uzi.

*

Ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yao, alikaa fundi viatu aitwaye Chande. Chande alikuwa mwanamume wa ajabu kwa nchi ile, kwa sababu hakuwa na wivu. Wizara iliwahi kumpeleka kozi ya wiki tatu, akarudi na cheti cha kuhudhuria tu. Mkewe, Mama Tunu, naye alikuwa ameugua, naye alipewa kadi ya buluu, na alipompa mumewe, Chande akauliza, "Niende leo au kesho?" Akaenda siku hiyohiyo. Akachomwa sindano, akapewa vidonge, akaambiwa arudi baada ya wiki. Kwa kuwa alikuwa msahaulifu, kadi akaichomeka mfuko wa shati, ichungulie, isije ikapotea.

Siku ya pili yake Kitwana akampelekea kiatu kubadilisha soli. Macho yake yakatua kwenye ule mfuko.

"Chande, hiyo nini?"

"Kadi."

"Ya nini?"

"Ya kwangu."

"Umeipata wapi?"

"Mke wangu kaniletea." Chande aliongea huku misumari ikiwa mdomoni. "We bwana, nimeingia zahanati, watu wamekaa kwenye benchi, mimi napita! Sista kanikalisha kwenye kiti chenye mto. Kaniuliza habari zangu zote, toka lini, mpaka lini, nahisi nini. Tangu nizaliwe, Kitwana, nani aliwahi kuniuliza mimi habari zangu zote?"

Kitwana akasogea karibu. "Wanapewa watu gani?"

"Sijui. Nadhani wake zetu ndio wanaotuombea." Chande akagonga msumari. "Kwani wewe huna?"

Aliuliza bila ubaya wowote, na hapo ndipo palipouma. Kitwana alivuka barabara na kiatu kimoja mguuni.

Sikudhani alikuwa anapiga pindo la pazia. Mumewe akasimama mlangoni, mguu mmoja juu, mmoja chini, kama mizani ya mlanguzi.

"Kwa nini mke wa Chande anamfikiria mumewe, na mke wangu mimi hanifikirii?"

Sindano ikasimama. Sikudhani aliishi katika nchi ile tangu azaliwe. Aliwajua wanaume wa huko kama alivyojua vitambaa. Akaelewa palepale, ila uso wake haukusema kitu.

"Kuhusu nini, mume wangu?"

"Kadi ya buluu!"

"Aa, zile. Naziona tu kwa watu."

"Watu gani?"

"Waume za watu."

Kitwana akakaa. "Waume za watu wanazo. Mimi sina."

"Yako ilikuwepo."

"Iko wapi?"

"Imebeba meza."

Mkaguzi wa mizani akapiga magoti, akaingia uvunguni, akaichomoa. Meza ikainama, kikombe kikateleza. Kadi ilikuwa imekunjika mara nne na ina duara la chai.

"Hii imeharibika! Ya Chande imenyooka!"

"Ninayo nyingine," akasema Sikudhani taratibu, akikata uzi kwa meno. "Nilipewa juzi. Ila nilifikiri, mtu mwenyewe hataki. Nisije nikamlazimisha. Labda nimrudishie sista ampe mwingine."

"Mwingine nani?" Sauti ya Kitwana ilipasuka.

"Mwanamume yeyote anayeitaka."

"Kadi yangu? Apewe mwanamume mwingine?"

"Nikikupa utakwenda kweli?"

"Nitakwenda kabla ya Chande!"

"Chande ameshakwenda."

"Basi kabla ya wote waliobaki! Lete!"

Sikudhani akaitoa mkobani, akaipangusa kwa kanga, akampa kwa mikono miwili, kama mtu anavyopewa nishani.

*

Kitwana alikosea jambo moja: alipita sokoni na kadi ikichungulia mfukoni. Hakutaka ijulikane, alitaka ionekane tu, jambo ambalo ni tofauti. Kufikia saa nne asubuhi, mji mzima ulijua kuna wanaume wawili wenye kitu ambacho wengine hawana. Waume wakarudi nyumbani mbio kuwauliza wake zao, na wake, ambao mikoba yao ilikuwa na kadi za miezi na miezi, wakazitoa moja moja, baada ya kubembelezwa. Wengine walibembelezwa kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Foleni ya zahanati ikatoka mlangoni, ikazunguka kisima, ikafika msikitini. Mabachela wakaja bila kadi, wakilalamika kwamba wanaonewa. Sista Leokadia alimpima kila aliyekuja na kumweleza ukweli wote, mmoja mmoja, mlango umefungwa.

Zamu ya Kitwana ikafika.

"Bwana Kitwana, unajua kadi hii ni ya nini?"

"Ya heshima."

"Ni ya matibabu. Mwenzako amekutwa na ugonjwa wa zinaa. Na wewe unatibiwa, hata kama huumwi popote. Msipotibiwa wote wawili, mtakuwa mnarudishiana kama watoto na mpira."

Kitwana akasimama wima. Akajirekebisha kola. Akaenda mlangoni kwa mwendo wa mtu aliyetukanwa, akafungua. Nje walikuwepo wanaume kumi na tisa, na wa mbele alikuwa ameshatanguliza mguu ndani.

"Umemaliza?" akauliza yule mtu, macho yakiangalia kile kiti chenye mto. "Nichukue nafasi yako?"

Kitwana akafunga mlango.

"Sindano," akamuuliza sista, "inachomwa wapi?"

Akachomwa. Sista akaandika, kisha akauliza bila kuinua uso, "Na kwenye safari zako za mizani, kuna mtu mwingine wa kupelekewa kadi?"

Nje mtu alikohoa kwa wivu.

"Nipe moja," akasema Kitwana.

Sista akampa.

"Au nipe mbili."

Sista akampa. Kitwana akafika mlangoni, akashika kitasa, akarudi.

"Na ile ya akiba," akasema, akitazama ukuta.

*

Habari zikafika Wizarani. Zefania aliandika kwa mkubwa wake kwamba wanaume wa mji ule wana kadi za buluu, na kwamba yeye binafsi, kwa utumishi wake wote, hajapewa. Mheshimiwa Mwinyikondo akaisoma barua mara mbili. Mambo ya foleni hakuyaona. Aliona maneno manne tu: wanaume wengine wana kitu.

Alikuja na magari saba. Foleni ikapasuliwa katikati. Akaingia chumbani kwa Sista Leokadia, akasimama mbele ya meza na tumbo lake.

"Nataka ya kwangu."

"Mheshimiwa, kadi hupelekwa na mwenzi wa mtu, akishapimwa."

"Mke wangu hawezi kuja kwenye zahanati kama hizi."

"Sawa, Mheshimiwa."

"Kwani amewahi kuja?"

"Mimi siwezi kusema nani alikuja wala nani hakuja. Hata kwako. Hasa kwako." Sista akarekebisha uzi wa miwani. "Kamuulize nyumbani."

Akaenda kumuuliza. Bi Mgeni alikuwa sebuleni, anasoma gazeti lenye matundu.

"Mke wangu," akasema Mheshimiwa, na sauti ya jukwaani ikamtoka bila kupenda, "taifa zima lina kadi! Kadi yangu mimi amepewa nani?"

Bi Mgeni akakunja gazeti. Akafungua droo ya kabati la vyombo, akatoa bahasha, akamimina juu ya meza. Kadi za buluu, tano. Ya zamani kabisa ilikuwa imeshaanza kupauka.

"Zako zote," akasema. "Chagua."

Mheshimiwa akazishika kwa furaha kwanza, kwa kuwa zilikuwa nyingi kuliko za mtu yeyote. Furaha ilidumu kiasi cha kusoma tarehe.

"Miaka mitano! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia ya kwanza, ukauliza ni nani. Ya pili ukafukuza mtunza bustani. Baadaye mkaleta fomu, nikafurahi. Nikaenda na miwani nyeusi, nikajaza. Swali la saba nikaandika jina lako, kamili, kama ilivyotakiwa."

"Ukapewa?"

"Nikafunguliwa mashtaka ya kumkashifu Waziri. Hati uliisaini wewe. Ulikuwa na haraka, hukusoma jina la mshtakiwa."

Mheshimiwa akazirudisha kadi kwenye bahasha, moja moja. Kisha akauliza swali moja tu, kwa sauti ndogo.

"Hiyo fomu yako, nani mwingine ameisoma?"

"Makarani wote."

Kesho yake, kabla ya jua kuwaka vizuri, redio ikatangaza kwamba Fomu ya Maombi ya Kujikinga imefutwa mara moja, kwa kuwa imegundulika kwamba swali la saba linavujisha siri za Serikali. Makufuli yakakusanywa. Kondomu zikawekwa kwenye sanduku wazi mlangoni, mtu achukue asiulizwe. Mheshimiwa alipokea nishani ya kupunguza magonjwa, na katika hotuba yake alimshukuru mwanamume wa nchi ile kwa uaminifu wake. Mawaziri wenzake walipiga makofi. Siku iliyofuata, gazeti liliingia sebuleni kwa Bi Mgeni likiwa zima, nyuso zote zipo. Alilitazama kidogo, akachukua mkasi, akaukata mmoja.

*

Turudi kwa Sikudhani, maana ndiye mwenye jambo.

Kitwana alimeza vidonge vyake mbele ya mkewe, akionyesha ulimi baada ya kila kimoja kama mtoto. Wakaambiwa siku saba wasikutane. Siku ya tatu, wakila chakula cha mchana, akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa:

"Leo ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Nani anahesabu?"

"Mimi."

Kitwana akaendelea kula. Alikuwa amezoea kuwa yeye ndiye anayepima nyumba ile, na sasa alikuwa kama mtu aliyenyang'anywa jiwe la kilo. Meza iliyumba. Sikudhani akanyanyuka, akatoa mkobani ile fomu ya Wizara, akaikunja mara nne, akaiingiza chini ya mguu mfupi. Kitwana akainama, akayatazama maji kwenye glasi. Karatasi ya Serikali ilikuwa nene.

Baadaye Sikudhani alirudi zahanati akapimwa. Sista Leokadia alitoka na karatasi akitabasamu mpaka miwani ikapanda. "Safi. Habari za mirija tutazijua mkianza kumtafuta mtoto, lakini tumewahi, mwanangu. Tumewahi." Sikudhani akaomba alie kidogo pale ofisini, akaruhusiwa, akalia, akanawa uso. Akitoka, akachota kwenye sanduku la mlangoni.

Mwezi ukafika, Kitwana akafunga sanduku lake la mawe, akaenda masoko ya mbali, akarudi. Pazia halikuwa limesogea. Lakini juu ya meza iliyonyooka palikuwa na pakiti mbili ndogo na kadi mpya ya buluu.

"Hizi nini?"

"Kadi kanipa sista, ni ya wewe kwenda kupimwa kesho asubuhi. Hizo ni za mpaka majibu yatoke. Mtoto atafuata majibu."

Uso wa Kitwana ukajaa giza la zamani. Akazishika zile pakiti, akazigeuza huku na huku akitafuta alama ya kidole cha mtu. Likamtoka lile swali, lilelile, la wino mzito:

"Unajikinga dhidi ya nani?"

Sikudhani alikuwa anamimina chai. Hakukwepa, wala hakuinua sauti. Hakukuwa tena na kifungu cha nne.

"Dhidi yako, mume wangu."

Kitwana akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akauliza, na moyo wake wote ulikuwa ndani ya swali hilo:

"Dhidi yangu tu?"

"Yako tu."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Basi akavuta kiti, akakaa, akapokea chai yake. Chande ng'ambo ya barabara anasema alimwona kupitia dirishani siku ile, akitabasamu peke yake kama mtu aliyepandishwa cheo.